Mkono Ambao Mzee Kalla Hakuuweka

Mzee Kalla aliingia ofisini mwa Sumayya bila kubisha hodi, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akaivua simu iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake kwa uzi, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa mbele ya daktari. Akauliza habari za mama Sumayya kule kijijini Wema, akauliza habari za mto, akauliza habari za joto hili la Garsen lisilo na huruma. Sumayya akajibu kila swali kwamba ni salama. Lakini tangu alipouona mkongojo wa mzee mlangoni alijua kilichomtoa malishoni.

"Mwanangu," mzee akasema hatimaye, "mimi nakuuliza kitu. Hii simu inaweza kuweka mkono mimi nikiwa nimelala?"

Ili swali hilo lieleweke uzito wake, lazima kwanza zisemwe habari za malka.

Malka ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni. Inapita katikati ya mashamba, nayo inaishi kwa maafikiano tu: mkulima anaiacha wazi, mfugaji anawachunga ng'ombe wake wasitoke nje yake. Wakitoka wakala mazao, watu wa delta hii ya mto wanajua ugomvi wa namna hiyo unavyoanza na unakoweza kufika. Kwa hiyo malka inayosimuliwa hapa, iliyo upande wa kijiji cha Idsowe, ilikuwa na desturi yake. Shamba likiharibiwa, mwenye shamba huzifunika nyayo kwa matawi ya miiba zisivurugwe. Wafuatiliaji wa pande zote mbili huja, wakazifuata nyayo pamoja hatua kwa hatua mpaka zijulikane ni za zizi gani. Kisha wote huenda kwenye nguzo ya mti wa mkoma iliyosimikwa kwenye mdomo wa malka. Mzee wa wafugaji huweka mkono wake kwenye nguzo kwanza, na maana yake ni kukiri: ng'ombe wetu ndio. Mzee wa wakulima huweka wake juu yake, na maana yake ni kusamehe. Hakuna mkono wa pili bila wa kwanza. Na zizi likikiriwa mara ya tatu katika kiangazi kimoja, linapoteza zamu yake ya kunywesha malkani, ng'ombe wake wakatafute maji mbali, kule ambako ng'ombe dhaifu hawafiki.

Sumayya alikulia akiiona nguzo ile. Alipomaliza masomo ya kompyuta chuoni, wenzake wakabaki Nairobi kutafuta kazi za mishahara minono, yeye alirudi nyumbani na wazo moja lililomnyima raha mpaka alipolitimiza. Shirika moja lilikubali kutia fedha za fidia kwenye pochi ya kidijitali, kwa sarafu zile za mtandaoni zisizopanda wala kushuka thamani. Pochi haikufunguka ila kwa funguo mbili, mmoja wa Mzee Kalla kwa niaba ya wafugaji, mwingine wa Mzee Jilo kwa niaba ya wakulima, na kila mzee alikuwa nao ndani ya simu yake, akiutumia kwa kubonyeza kwa kidole. Kila mkono uliowekwa uliandikwa kwenye mnyororo wa kumbukumbu ambao watu wa mitandao huuita blokcheni, asipatikane wa kuufuta, awe chifu au awe mwizi. Na katikati ya yote hayo aliweka msaidizi wa akili bandia aliyempa jina Karani. Karani alipokea malalamiko kwa sauti au kwa picha, akayapanga, akawaita wazee, na wakishaweka mikono yao akazigeuza sarafu kuwa shilingi zikaingia kwenye simu ya mkulima.

Kilichomfurahisha Sumayya kuliko vyote ni kwamba aliipanga pochi ikatae ufunguo wa Jilo mpaka wa Kalla uwe umetangulia. Kukiri kwanza, kusamehe baadaye, kama kwenye nguzo. Siku alipowaonyesha wazee jambo hilo, Mzee Jilo, ambaye hakuwa mtu wa kukaa muda mrefu bila mzaha, alimpiga Kalla kikumbo akasema basi kumbe hata mashine ya siku hizi imetahiriwa na kufundwa adabu. Walicheka wote. Kila ufunguo ulikuwa na maneno yake ya siri, ambayo mwenye kuyajua ni sawa na mwenye ufunguo. Jilo aliyachukua ya kwake. Kalla alisema yeye ni mtu wa porini, atayapoteza. "Kaa nayo wewe," alimwambia Sumayya. "Wewe ni mtoto yetu."

Naye akakaa nayo.

Kiangazi kilipokaza, Kalla alihama na ng'ombe kwenda kwenye nyanda ambako mtandao haufiki ila kwa nadra. Malalamiko yakawa yanamsubiri. Mchana mmoja Sidi, mama wa Kigiriama aliyekodi kipande cha shamba kando ya malka, alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Mahindi yake yalikuwa yameliwa, nyayo zilikuwa zimefuatwa, na Nuh, mpwa wake Kalla, alikuwa ameshakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni ng'ombe wake. Kilichokosekana ni kidole cha Kalla tu. Sidi hakulalamika. Alikaa pale kwenye kiti cha plastiki, akimtikisatikisa mtoto aliyekuwa na njaa, akiitazama sakafu. Kama angepiga kelele, pengine Sumayya angestahimili. Ukimya ule ulimshinda.

Sidi alipoondoka, Sumayya alimpa Karani maneno ya siri ya Mzee Kalla.

Haiwezi kusemwa kwamba hakuonywa. Karani aliandika kwenye skrini: "Nikiushika ufunguo huu, kumbukumbu zitaonyesha kwamba Mzee Kalla amekubali hata kwa jambo ambalo hajaliona. Una hakika?" Sumayya alilisoma swali hilo mara mbili. Akajiambia ni kwa kiangazi hiki tu, na kwamba mzee akirudi atamweleza. Akabonyeza ndiyo. Sidi alipata haki yake kabla hajafika nyumbani.

Mzee aliporudi mara moja kuangalia watu wake, Sumayya hakumweleza. Malipo yaliyopita yalikuwa ya kesi ambazo wachungaji walishakiri, na hakuna aliyeuliza mkono ulitokea wapi. Wageni wa shirika walikuja wakapiga picha kwenye nguzo. Sumayya akaalikwa mjini Hola kueleza kazi yake, akasimama mbele ya ukumbi akasema, kwa sauti iliyojaa imani, kwamba hakuna fedha inayotoka bila wazee kuona na kukubali. Watu wakampigia makofi. Alipoketi akayanywa maji yake yote na ya jirani yake.

Kisha ikaja kesi hii. Shamba la Sidi liliharibiwa tena, safari hii kunde. Sidi alizifunika nyayo kwa miiba kama desturi inavyotaka, akampelekea Karani picha, akakaa kuwangoja wafuatiliaji. Karani aliziangalia picha, akaona nyayo za kwato. Akaangalia zamu za malka, akaona siku ile ilikuwa zamu ya zizi la Nuh. Akauweka mkono wa Kalla. Simu ya Mzee Jilo ikalia. Jilo akaona rafiki yake ameshakiri, naye kwa moyo mweupe akaweka wa kusamehe. Yote hayo yalipita Sumayya akiwa kwa mamake kule Wema, mezani, akimenya embe. Aliona taarifa kwenye simu akafurahi kwamba mama yule safari hii hatahangaika.

Sidi naye, alipoona fidia imeingia, alijua kesi imekwisha. Hakuna anayelipwa kabla nyayo hazijafuatwa, kwa hiyo akadhani zimeshafuatwa wakati yeye akiwa kisimani. Akaiondoa miiba, akashika jembe, akalima upya juu ya nyayo zile akapanda mbegu.

Ilikuwa mara ya tatu kwa zizi la Nuh kukiriwa kiangazi hicho.

Hayo ndiyo aliyokuja nayo Mzee Kalla. Habari zilimfikia nyandani kwa mdomo wa mpita njia, kwamba amemkiria mpwa wake bila kuziona nyayo, na sasa ng'ombe wa Nuh watafukuzwa malkani. Nuh alikuwa akiapa kwamba hawakutoka njiani siku ile. Dada yake Kalla, mama Nuh, alikuwa ameacha kumpelekea maziwa.

"Mimi simu nalala nayo hapa," mzee alisema akigusa kifua. "Pengine katika usingizi mkono yangu ilibonyeza. Mimi ni mzee. Mzee anafanya vitu hajui. Wewe umesoma, niambie. Inawezekana?"

Sumayya alimtazama. Kwenye nywele za mzee kulikuwa na vumbi la safari, na vidole vyake viwili vilikuwa vimeishikilia simu pale mezani, kana kwamba itakimbia. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake: neno moja la kweli, kisha lolote liwe. Lakini akaona ofisi ikifungwa. Akaona shirika likiondoka, wakulima wakirudi kungoja fidia isiyokuja. Akayaita hayo yote huruma kwa watu, ingawa ndani yake alijua aliyekuwa akimhurumia ni mmoja tu.

"Inawezekana, baba," akasema.

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Akaivaa simu yake shingoni, akamshukuru, akatoka. Alipofika mlangoni alisimama akaitazama mikono yake yote miwili, mbele na nyuma, kisha akaenda zake. Sumayya aliifunga kompyuta. Jioni aliisukuma sahani kando. Mamake alipomuuliza kama anaumwa, alijibu ni joto.

*

Baraza lilikaa kwenye mdomo wa malka, asubuhi, kabla ya zamu. Wakulima walikaa upande wao na wafugaji upande wao, na kati yao nguzo ya mkoma iliyong'arishwa na viganja vya miaka mingi. Sidi alikuwepo na mtoto mgongoni. Nuh alisimama kando, kijana mrefu mwenye jezi ya mpira iliyopauka, ng'ombe wake nyuma yake wakiwa mbavu nje. Walikuwa wamesikia harufu ya maji. Shingo zote zilikuwa zimenyooshwa kuelekea mtoni.

Nuh alisema kwa ufupi kwamba yeye alikiri mara mbili kwa sababu ilikuwa kweli, na hii ya tatu angeikiri pia kama ingekuwa kweli. Akasema hajaonyeshwa unyayo hata mmoja. Mtu mmoja upande wa wakulima akamrushia kwamba ng'ombe wake labda siku ile walivaa viatu, na baadhi wakacheka. Nuh hakugeuka kumtazama.

Mzee Kalla akainuka.

"Mkono ni yangu," alisema. "Nuh asibishane na mkono yangu. Kama ilikosea, imekosea, lakini ni yangu. Desturi ifuatwe."

 Nuh alimtazama mjomba wake kwa muda, kisha akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe. Wengi walikataa kugeuka. Ilibidi wapigwe. Ndama mmoja alipenya katikati ya watu akakimbilia maji, Nuh akamfuata, akambeba mabegani huku miguu ya ndama ikipiga hewa, akaondoka naye akiufuata mgongo wa kundi.

Mzee Jilo alijaribu kuupunguza uzito ule kwa namna yake. Akasema, "Hebu huyo Karani aulizwe, yeye hasahau kama wazee. Atuambie rafiki yangu alibonyeza wakati gani, ili nijue alikuwa akiota nini, maana kama alikuwa akiota mke wa pili tutamsamehe." Watu wachache wakatabasamu. Macho yakamgeukia Sumayya.

Alitoa simu. Aliandika: nani aliuweka mkono wa Mzee Kalla? Alijua Karani angejibu nini. Karani hakuwa na sababu ya kudanganya, angetaja kila kitu kwa sauti yake ile tulivu, pamoja na ruhusa aliyopewa na nani aliyempa. Ilitosha kuongeza sauti na kuinua simu juu. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe ndipo Sumayya alipotambua anachokifanya: alikuwa karibu kuiachia mashine ikiri badala yake, kama alivyoiachia ikiri badala ya mzee.

Akaifuta ile sentensi, akairudisha simu mfukoni.

"Si mkono wa Mzee Kalla," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Si wake. Mimi nilimpa Karani ufunguo wake. Karani ndiye aliyeuweka. Mzee hakubonyeza kitu, wala usingizini. Nilijua tangu mwanzo."

Kelele za ng'ombe waliokuwa wakienda mbali bado zilisikika.  Mzee Jilo alikuwa ameitoa simu yake mwenyewe akiitazama. Ni kidole chake kilichosamehe kosa ambalo hakuna aliyelikiri.

Sidi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Mimi nilifunika nyayo," alisema. "Nikangoja watu waje waone. Nilitaka watu waje. Hela ilipoingia nikasema basi walikuja, mimi ndiye sikuwaona." Akamgeuza mtoto mgongoni. "Sasa nimelima. Hata kama ni kiboko aliyepita, hata kama ni nyati, nani atajua tena?"

Mpaka leo haijulikani ni mnyama gani aliyepita.

Mzee Kalla hakupandisha sauti. Alikuwa akimtazama Sumayya kana kwamba anamtafuta ndani yake msichana mwingine aliyekuwa akimfahamu.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, baba."

"Nikakuuliza inawezekana."

"Ndiyo."

Kama angempiga na mkongojo ingekuwa nafuu. Jilo aliuliza, safari hii bila mzaha, kama maandishi yale yanaweza kufutwa. Sumayya akaeleza kwamba hayafutiki. Kwamba hilo ndilo alilolisifu mbele yao siku ya kwanza. Kinachowezekana ni kuandika chini yake jambo jingine, kwamba mkono ule haukuwa wa mwenyewe. Lakini wa juu utabaki. Kalla akauliza utabaki mpaka lini, na Sumayya akasema mpaka wote waliokaa pale wawe hawapo, na baada ya hapo pia.

Kisha akavua viatu vyake vya ofisini akaanza kukimbia kumfuata Nuh.

Udongo mweusi wa kiangazi umepasuka kama vigae, na kuukimbia pekupeku si mchezo kwa mtu aliyezoea lami ya chuo. Alimkuta Nuh bado na ndama mabegani. Akamweleza akihema, maneno yakikatika. Nuh alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mashine ndiyo iliyonitubia dhambi," akasema. "Basi ingekuja pia kuwaswaga hawa." Alimshusha ndama chini, akapiga mluzi. Ng'ombe hawakuhitaji fimbo kurudi.

Sumayya aliporudi nyuma yao, nyayo zikimwuma, baraza lilikuwa bado limekaa. Jilo alikuwa ameshatamka kwamba kesi isiyo na nyayo haina mwenyewe, zamu ya Nuh inabaki, na kwamba habari ya fidia ya Sidi na ya mfuko wote itazungumzwa shirika likiwepo. Hakuna aliyeuliza kama Sumayya ataendelea na kazi. Hata yeye hakuuliza.

Alimwendea Mzee Kalla, akaitoa simu, akaketi chini mbele yake. Akamwagiza Karani ausahau ufunguo wa mzee na maneno yake yote ya siri. Jibu likaja kwenye skrini.

"Inasema nini?" mzee akauliza.

"Inasema: Nimeufuta. Kuanzia sasa siwezi kuweka mkono wa Mzee Kalla."

"Sema tena."

Akamsomea tena. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini na kumwona wa mwisho.

Sumayya akasimama, akaenda kwenye nguzo. Hakuna msichana aliyewahi kuweka mkono pale, wala mtu ambaye hana zizi wala shamba. Lakini hakuna aliyemzuia. Akaweka kiganja chake kwenye mkoma, mahali pa mkono wa kwanza. Jua lilikuwa limeshaupasha mti. Akakaa hivyo, nafasi iliyo juu ya kiganja chake ikiwa wazi, macho ya wakulima na wafugaji yakiwa mgongoni mwake.

Aliusikia mkongojo ukija polepole. Ukasimama kando yake. Mzee Kalla aliitazama nguzo, akautazama mkono ule mdogo uliokuwa juu yake, akaacha wake pale ulipokuwa, kwenye mkongojo.

"Mkono ya pili inakuja na miguu yake, mwanangu," alisema. "Haitumiwi mtu kuileta."

Akampita, akateremka malkani kumsaidia mpwa wake. Ng'ombe walikuwa wameshaingia majini mpaka magotini, na ndama yule alikuwa akinywa katikati ya miguu ya mamake. Sumayya hakuuondoa mkono. Mti ulikuwa wa moto, na jua lilikuwa bado linapanda.